Siku Mbili Zilizopungua

Miaka ile ya kuhamia vijijini nilikuwa nimepanga chumba cha uani Mukendo, mjini Musoma, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Nasema nilikuwa nimepanga, ingawa kwa mwezi nililala pale siku kumi au pungufu. Siku zilizobaki nilikuwa juu ya lori na magunia yangu ya dagaa niliyonunua Mwigobero, nikielekea alikoelekea dereva. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, sina mume wala mtoto, na sikuwa natafuta. Shule niliiacha darasa la nne. Karo ilikuwepo, nilichoka tu kukaa dawati moja nikitazama mgongo wa mtu yuleyule. Tangu hapo nilivuna pamba ya watu, nilipika kwenye kambi ya wajenga barabara, nilikaa Ukerewe mwaka mzima bila sababu nzuri. Mara nyingi kilichonihamisha hakikuwa shida. Nilitaka kuona kuna nini.

Yule mwalimu wa Mukendo alikuwa na tabia iliyonisumbua akili. Saa kumi na moja jioni alifunga mlango wa chumba cha mbele na kutulia humo kama robo saa. Mwanzoni nilidhani ni kila siku. Baadaye niligundua ni siku tisa mfululizo, kisha kimya wiki mbili au tatu, kisha siku tisa tena. Chochote kilichokuwa mkononi alikiacha. Siku moja maharage yalianza kuungua, nikamgongea.

"Mwalimu, maharage!"

Alipotoka baadaye alikuwa mtulivu kabisa.

"Dada, umeyaepua?"

"Nimeyaepua, lakini yameshika chini."

"Basi tutakula ya juu."

Nilimuuliza, maana mimi huuliza. Akaniambia bila kuficha. Walikuwa wanne, wote walimu, wote waliosoma chuo kimoja cha ualimu cha wasichana kilichokuwa cha masista, miaka ile uhuru ulipokuwa mpya. Walikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kutoka sehemu zetu kuvaa viatu vya kufunga kamba. Siku ya kuondoka walikubaliana kwamba hawataachana. Kila mwezi mmoja wao alikuwa "mwenye siku". Aliwaandikia wenzake watatu barua fupi akataja siku ya kuanza, na wote wanne, kila mmoja alipo, wakasali novena, sala ya siku tisa, kwa saa ileile, kwa nia ya huyo mmoja.

"Nia gani?" nikauliza.

"Hatuambiani."

"Sasa mnaombaje?"

"Tunaombea nia yake. Mungu anaijua. Sista aliyetulea alikuwa anasema, ukimuuliza mtu nia yake, umeshaanza kuipima."

Niliona jambo hilo ni la ajabu. Mimi nilibatizwa dhehebu lingine, na kwetu mtu akitaka kuombewa anasimama anasema mguu unauma, na mguu wenyewe anauonyesha. Lakini sikubishana. Nilichojua ni kwamba barua za posta zilizunguka sana, na lori lilienda moja kwa moja. Mwenzao mmoja alikuwa Bunda, mwingine Butiama, mwingine Kibara. Hizo zilikuwa njia zangu. Ndivyo nilivyogeuka tarishi wao, kwa miaka kama mitatu, na malipo yangu yalikuwa kukaribishwa chakula kila nilipofika.

Wa Kibara ndiye niliyempenda zaidi, labda kwa sababu alinijibu maswali yangu bila haraka. Alikaa nyumba ya shule karibu na ziwa. Mumewe alikuwa karani wa mizani ya pamba, mtu wa kikohozi kirefu, na mwaka huo kikohozi kikamuua. Walimzika kwao, katika kijiji kipya cha ujamaa, kama saa mbili kwa miguu kutoka Kibara. Baada ya mazishi mjane alirudi shuleni na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekuwa bado mgongoni. Wa kike, aliyekuwa hajaanza shule, alibaki kwa bibi yake. Hakuna aliyesema amenyang'anywa. Walisema tu amebaki.

Kibara nzima ilijua kinachokuja. Mwezi Juni, shule zikifungwa, ukoo ungekaa kumaliza msiba. Kwa desturi yao, siku hiyo ndugu za marehemu huweka fimbo zao mlangoni kwa mjane. Mjane huokota moja na kuingia nayo ndani, na mwenye fimbo ndiye anayemchukua. Asipookota anaruhusiwa kurudi kwao, hakuna atakayemshika mkono. Ila anaondoka peke yake. Watoto ni wa ng'ombe wa mahari waliotolewa, na ng'ombe walitoka pale. Mwalimu alitaka wanawe wote wawili na alitaka kubaki alivyo, basi. Wauza samaki walilijadili hilo mbele yangu kama wanavyojadili upepo.

Jumanne moja mwanzoni mwa likizo alinipa bahasha tatu, kaziandika majina kwa mwandiko wa chuo, herufi zimeinamia upande mmoja.

"Dada, zifike kabla ya Ijumaa. Tunaanza Ijumaa, tunamaliza Jumamosi ya wiki inayofuata."

"Ndiyo siku ya kikao?"

Alinitazama. "Watu wa Kibara wanasemaga sana," akasema.

Ya Bunda niliifikisha Jumanne hiyohiyo jioni. Alhamisi lori letu lilisimama Kiabakari kupakia, na hapo ndipo nilipokosea. Mgodi wa dhahabu wa pale ulikuwa umeshafungwa, na wanaume wanne walikuwa wanang'oa mtambo mkubwa wa kusaga mawe. Walisimamisha magogo matatu, wakafunga mnyororo, mmoja akaongoza kwa filimbi. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo kikitolewa ardhini. Dereva alipopiga honi nilimpa barua ya Mukendo, maana alikuwa jirani yetu na angefika Musoma siku hiyo. Ya Butiama nilibaki nayo. Butiama si mbali na Kiabakari. Nilisema nitafika tu.

Mtambo haukutoka Alhamisi. Chini ulikuwa umeshikwa na zege kuliko walivyofikiri. Ijumaa walichimba. Mimi niliuza dagaa na kutazama. Bahasha ilikuwa kwenye fundo la kanga, na kwa kuwa ilifungwa kwa uji wa muhogo, jasho likaifungua. Nilisoma. Sitasema nilijizuia kwanza. Ilikuwa mistari miwili: tuanze Ijumaa, tumalize Jumamosi, nia ni ya moyoni. Hata neno moja juu ya fimbo. Nilihisi kama niliyefungua sanduku nikakuta sanduku.

Jumamosi jioni, nilipoona mtambo hautatoka kabla ya Jumatatu, nilikwenda Butiama.

Mwalimu wa Butiama alikuwa mwanamke mrefu, mke wa bwana shamba, mama wa watoto sita waliokuwa wakisimama wima mtu mzima akiingia. Alisoma barua akiwa amesimama, kisha akahesabu kwa vidole.

"Barua hii imeandikwa Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Ilikuwa wapi?"

"Kiabakari, mwalimu."

"Ilikuwa inafanya nini Kiabakari?"

"Ilikuwa na mimi."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Natazama wanavyong'oa mtambo."

"Umetoka?"

"Nini, mwalimu?"

"Huo mtambo. Umetoka?"

"Bado."

"Basi," akasema, akaikunja barua.

Nilidhani angeanza kesho yake na mambo yangeishia hapo. Siku saba badala ya tisa. Mungu si karani wa mizani. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba novena yenye siku saba ni sala nzuri, lakini si novena, na mwenzake hakuomba sala nzuri, aliomba novena. Kisha akanieleza jambo la chuoni kwao. Msichana akishikwa na malaria akalazwa chumba cha wagonjwa, akakosa siku mbili tatu, wenzake hawakumwacha nyuma. Alipopona alipiga magoti katikati, wasichana wawili ambao hawajakosa hata siku moja wakamwekea mikono mabegani, wakasali kwa sauti, naye akahesabiwa kama alikuwepo tangu mwanzo. Waliita kuunganishwa. Lazima wawe wawili, na lazima wawe na yule mgonjwa chumba kimoja.

"Kwa hiyo mwalimu utafanyaje?"

"Nitakwenda kuunganishwa. Wewe ndiye uliyezipoteza hizo siku, wewe utanipeleka."

Alianza Jumapili. Alhamisi tukaondoka. Wa Mukendo alikuwa upande wa pili na angehitaji siku nzima kufikiwa na kurudi, kwa hiyo hesabu ilibaki kwa wa Bunda na mwenye siku mwenyewe. Njiani, juu ya lori tupu lililokuwa linakwenda kuchukua pamba, nilijaribu kumwambia.

"Mwalimu, unajua Jumamosi huko kuna kikao cha—"

"Usiniambie."

"Lakini ni jambo ambalo—"

"Dada, nimesema usiniambie. Anamwambia Mungu, inatosha."

Nikanyamaza, na kwangu hilo ni kazi.

Wa Bunda alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Tulimkuta anapepeta mtama. Alisikiliza habari yote, akaweka ungo chini.

"Mimi siku zangu zimenyooka kama reli. Leo ya saba. Sasa nifunge safari kwa sababu ya mtambo wa Kiabakari?"

"Kwa sababu yangu," akasema wa Butiama.

"Wewe tangu chuoni ni mtu wa hesabu. Ukikosa nusu ya Salamu Maria unaanza upya." Lakini alikuwa tayari anafunga kanga zake. Alichukua na sukari kilo moja, na wakati ule sukari haikuwa kitu cha kuchukua bila kufikiri.

Kibara tulikuta nyumba ya shule imefungwa, jirani akasema mwenyewe yuko kwa wakwe zake, na Ijumaa mchana tukafika kile kijiji alikozikwa mumewe. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili, mpya, nyasi za paa bado za njano, na kila familia ilikuwa bado inaonekana kama imekaa kwenye nyumba ya jirani. Mjane alikuwa ameshafika tangu Jumatano na mwanawe mgongoni. Alipotuona tukishuka kwenye lori hakusogea.

"Mmefuata nini?"

"Nimepungukiwa siku mbili," wa Butiama akasema. "Nimekuja kuunganishwa."

Mjane akaweka mkono mdomoni. Sikujua kama anacheka au analia, na sidhani kama yeye alijua. Mama mkwe wake, bibi mwembamba aliyekuwa amekaa mlangoni na yule mjukuu wa kike amemwegemea, aliuliza kwa lugha yao wageni hawa wana shida gani. Akajibiwa kwamba wana siku mbili. Akauliza siku mbili za nini. Hakuna aliyeweza kumweleza.

Saa kumi na moja wakafunga mlango. Mimi nilikaa ndani, pembeni, maana hakuna aliyenitoa. Wa Butiama akapiga magoti katikati. Wawili wakaweka mikono mabegani mwake. Walisali kwa sauti, kwa mwendo mmoja, wakivuta pumzi mahali pamoja, na nikaona jinsi walivyokuwa wasichana. Yule mtoto wa kike alichungulia dirishani, akakimbia kwa bibi yake.

Aliyekuwa anatupikia ni mke wa shemeji. Shemeji mwenyewe ndiye ndugu pekee wa marehemu aliyekuwa hai. Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache hadi alipoanza. Aliingia na ugali na samaki, akaketi, akatutazama tukila.

"Nawauliza kitu," akasema. "Hayo maombi yenu. Mnamwombea huyu aokote fimbo, au asiokote?"

Wa Bunda aliacha tonge njiani. "Fimbo gani?"

"Hamjui?"

Wakatazamana. Mjane akainamia sahani. Mke wa shemeji akacheka, si kwa ubaya.

"Siku nane mnaomba na hamjui mnaomba nini! Mimi nimeolewa hapa zamani, nimeona wanaoomba mvua, wanaoomba watoto. Sijaona wanaoomba bila kujua."

Kisha akawaeleza yote, fimbo, ng'ombe, watoto, kikao cha kesho. Wa Butiama alisikiliza huku uso wake ukizidi kunyooka. Alipogeuka kwa mjane, aliuliza swali ambalo nadhani hakuwahi kumuuliza mtu katika wale wanne tangu aondoke chuoni.

"Unataka nini?"

Mjane aliisogeza sahani. "Nataka wanangu. Wote wawili, nyumbani kwangu, Kibara. Na shemeji simtaki. Ni mtu mzuri, alimuuguza mdogo wake mpaka mwisho. Nikiiacha fimbo yake chini mbele ya wazee nitakuwa nimemtukana. Na nikiiacha, binti yangu ndio basi."

"Fimbo yenyewe moja tu?" wa Bunda akauliza.

"Ndugu ni mmoja."

"Sasa huo ni uchaguzi gani? Afadhali kura, angalau kuna ya hapana."

"Ya hapana ipo," mke wa shemeji akasema. "Unarudi kwenu mikono mitupu."

"Serikali imeshasema mjane hashurutishwi," wa Butiama akasema.

"Serikali haikutoa ng'ombe, mwalimu."

Kisha mke wa shemeji, akikusanya sahani, akasema kama mtu anayezungumza na vyombo, "Mmemuuliza huyu. Na yule mwingine, nani amemuuliza?"

"Shemeji?"

"Kwangu wake tuko wawili tayari. Chakula tunapima. Tangu msiba mume wangu haongei. Mnadhani anafurahia?"

Jumamosi asubuhi wa Butiama alikwenda peke yake zizini, mahali shemeji alipokuwa anarekebisha mwiba wa boma. Nilimfuata kwa mbali nikijifanya naokota kuni. Shemeji alikuwa mtu mkubwa, mabega yamelegea. Alimpa mkono kwa adabu.

"Shikamoo, shemeji," akasema mwalimu.

"Marahaba, mwalimu. Mmelala salama?"

"Salama. Shemeji, nina swali moja, unisamehe. Wewe unamtaka?"

Aliendelea kusukuma tawi la mwiba mpaka likakaa.

"Swali gani hilo?"

"Ndiyo hilo tu."

"Mwalimu, nisipoweka fimbo, watu watasema nimemtupa mdogo wangu. Watasema hata hajaoza kaburini nimeshamsahau."

"Hiyo ni habari ya watu. Mimi nimekuuliza wewe."

Alinyoosha mgongo. Alitazama upande wa nyumba, akatazama mikono yake iliyochanika. "Yule namwonaga dada yangu," akasema. "Namheshimu. Akiingia kwangu ataacha kuniheshimu. Lakini nani ameniuliza? Tangu azikwe, wewe ndiye wa kwanza."

"Basi uwaambie wazee."

"Hawajaniuliza wao."

"Si lazima wakuulize, shemeji. Wewe ndiye mwenye fimbo."

Mwalimu akashukuru, akarudi. Hakuniambia neno, ingawa alijua niliyasikia yote.

Kikao kilianza mchana. Wazee saba walikaa kivulini upande wa nyumba, wanawake tukakaa upande wa jiko, karibu kiasi cha kusikia. Walianza na mambo ya marehemu, jembe lake, baiskeli yake. Lilipofika jambo la fimbo, mzee aliyekuwa anaongoza akamwita shemeji aiweke. Shemeji alisimama nayo mkononi. Mjane alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Fimbo yangu itabaki mkononi," shemeji akasema.

Mzee akadhani hajasikia. "Iweke chini, mwanangu."

"Siiweki, baba. Sikumkataa. Nitamlinda akiwa kwake, anakofundisha. Nyumba ya mdogo wangu siivunji, lakini siingii."

Fujo iliyofuata ilikuwa ndefu. Mmoja alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mwingine alisema amewahi kusikia, ng'ambo ya mto, na haikuisha vizuri. Wa tatu alitaka kujua wale walimu wageni wamemlisha nini mtu wao. Wa Bunda akajibu kutoka jikoni, "Tumelishwa sisi, mzee!" na mke wa shemeji akamfinya. Bibi, mama wa marehemu, ndiye aliyesema jambo zito zaidi. Alisema yeye amezika mtoto. Wakimchukua na mjukuu, abaki na nini?

Jua lilipoinama wakafika mahali. Mjane atabaki nyumba ya shule na watoto wote wawili, chini ya jina la shemeji. Binti akiolewa, ng'ombe wake watakuja kwa shemeji. Mtoto wa kiume akikua atarudi kujenga hapa. Na mama akiolewa na mtu mwingine, watoto wanarudi siku hiyohiyo. Mzee akamuuliza mjane kama anakubali. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Hilo la mwisho nililiona likimfika, akalibeba kidogo, kisha akasema, "Nakubali." Hakuomba muda wa kufikiri.

Ilikuwa baada ya hapo, tunakunywa chai yenye ile sukari ya Bunda, wa Butiama alipoangalia nje ghafla.

"Saa ngapi?"

Ilikuwa imepita saa kumi na mbili. Saa kumi na moja ilipita wazee wakibishana, na hakuna hata mmoja wao aliyeikumbuka. Siku ya tisa, watatu wote. Aliyetoka Butiama kwa ajili ya siku mbili, akakosa ya mwisho.

Wa Bunda alicheka hadi akashika ukuta. Wa Butiama hakucheka.

"Amebaki wa Mukendo," akasema. "Yeye hakosi."

"Basi atuunganishe wa Mukendo."

"Ni lazima wawili."

Waliendelea hivyo. Baadaye sana wa Mukendo alidai kwamba siku tisa zake peke yake, chumba cha mbele, ndizo zilizofanya kazi, na wengine walisafiri bure. Wa Butiama naye aliporudi nyumbani kwake alianza tisa mpya bila kumwambia mtu. Mumewe ndiye aliyenieleza. Mimi sina hesabu yangu katika hilo. Niliona mtu ameulizwa swali, akajibu.

Jumapili asubuhi lori la pamba lilipita kijijini. Mke wa shemeji alileta sanduku dogo la bati la yule binti, lenye magauni mawili. Shemeji alilipandisha. Bibi hakutoka nje. Alikaa ndani na mlango wazi, na kila aliyepita mbele yake alimwona lakini hakuna aliyeingia.

Binti hakutaka kwenda. Tangu mazishi alikuwa amelala na bibi, amekula na bibi, na mama yake alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili. Mama yake alimbandua kidole kimoja kimoja, bila kumpiga, bila kumwambia nyamaza, akamwinua juu ya magunia. Wa Bunda alimpa kipande cha muwa, akakitupa barabarani. Alilia njia nzima. Mdogo wake, aliyekuwa hajui kinachoendelea, alimsaidia kulia. Walimu wale watatu walizungumza juu ya bei ya unga na mkaguzi mmoja wa shule aliyekuwa na mdomo mchafu. Hakuna aliyetaja sala.

Kibara, kufuli la nyumba ya shule lilikuwa limeshika kutu kwa unyevu wa ziwa. Mjane alizungusha ufunguo, haukuzunguka. Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Wa Butiama alijaribu, wa Bunda alijaribu na kutukana kidogo. Nilikwenda kwa jirani kuomba mafuta ya taa. Niliporudi, binti alikuwa amenyamaza. Alikuwa amechuchumaa chini ya mkono wa mama yake, uso wake mchafu wa machozi, akiangalia ndani ya tundu la kufuli.

"Mimina hapa," akaniambia, akionyesha kwa kidole.

Nikamimina. Mama yake akazungusha tena.

"Bado," mtoto akasema. "Ongeza."